Je, Mama wa Garsen Anaweza Kuisoma Tovuti ya Kaunti?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Garsen mbele ya vijana, kina mama na wazee. Wengi waliomba yaandikwe. Nimeyaandika karibu vile nilivyosema, na pale nilipopotea njia nimenyoosha kidogo.)

Nimepewa nusu saa. Wanaonijua wanacheka tayari, lakini nitajitahidi.

Nianze na kisa. Mwaka juzi mama mmoja wa kijiji cha kando ya mto, jina lake nitalihifadhi, alikuja kwangu Jumatatu saa kumi jioni. Binti yake yuko kidato cha tatu, ametumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama amesikia kwamba fomu za basari zimetoka na ziko kwenye mtandao. Amepanda bodaboda mpaka saiba. Kijana wa saiba amemtoza pesa ya kutafuta na pesa ya kuchapisha, kurasa sita. Akaja nazo kwangu nimsaidie kujaza. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikaona, kwa maandishi madogo ya kubanana, kwamba fomu zirudishwe kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumatatu. Yaani siku hiyo hiyo, imebaki saa moja. Na fomu yataka muhuri wa chifu, muhuri wa shule na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Tulipoangalia tarehe, tangazo lenyewe lilipandishwa mtandaoni Ijumaa jioni.

Ofisi hiyo siitaji, na msiniulize baadaye. Sikuja hapa kushtaki mtu. Nawaambia tu kwamba yule msichana alikaa nyumbani muhula mzima.

Sasa kuna mtu atasema, kosa ni la mama, mbona hakuangalia Ijumaa? Aangalie na nini? Yule mama ana kabambe. Simu yake inapiga, inapokea, inatuma M-Pesa, na ina tochi. Ofisi ikaulizwa, ikajibu kwamba tangazo lilikuwa wazi kwa umma. Na kweli lilikuwa wazi, kwa mtu mwenye simu janja, mwenye bando, anayesoma Kiingereza, anayejua neno la kutafuta, na ambaye Ijumaa jioni hana kazi nyingine. Hesabuni ni wangapi hapa ndani.

Kuna mzee aliniambia nilipokuwa nikitayarisha maneno haya: wewe kijana, watu wanataka maji, barabara, dawa zahanati, wewe watuletea habari za tovuti? Nimelifikiria sana neno lake na sitalidharau. Lakini mzee wangu, pesa ya hayo maji imeandikwa kwenye karatasi. Karatasi hiyo ina jina, ina tarehe ya kutolewa, na sheria inasema lazima ichapishwe tuione. Ikichapishwa mahali ambapo hatuwezi kuifikia, au kwa namna ambayo hatuwezi kuisoma, tutaendelea kuuliza maji kwenye mazishi na harusi, kila tukimuona kiongozi amekuja.

Na kaunti yetu ni ndefu. Anzia Madogo kule, ng'ambo ya Garissa, ushuke na mto mpaka Kipini unapoingia baharini. Wadi 15, maeneo bunge matatu, Bura, Galole na Garsen. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 315,943. Makao makuu yako Hola. Mtu wa Kipini au wa Ozi akihitaji karatasi moja tu ya ofisini, nauli na siku nzima imekwenda, na wakati wa mvua huenda asifike kabisa. Kwa hiyo sisi, kuliko watu wa mijini, ndio tunaohitaji tovuti nzuri. Mtu wa mjini akishindwa na tovuti anavuka barabara anaingia ofisini. Sisi twavuka nini?

Haya, sheria. Nitaipitia haraka kwa sababu najua saa hizi za asubuhi sheria inaleta usingizi.

Katiba, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Rasmi, jamani, sio ya mapambo. Halafu ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Hiyo, kifungu chake cha 5, inaitaka ofisi ya umma itoe habari zake bila kungoja kuombwa, na inapozitoa izingatie watu wenye ulemavu, gharama, lugha ya wenyeji, na njia ya mawasiliano inayofanya kazi zaidi katika eneo hilo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia mara mbili. Lugha ya wenyeji na njia inayofanya kazi hapo walipo: hayo si maombi yetu, yamo ndani ya sheria. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, inataka kaunti itumie njia zinazowafikia watu wengi zaidi: televisheni, redio za jamii, mikutano ya hadhara, tovuti. Kwa hiyo ofisi ikisema "tuliweka kwenye tovuti" na ikakunja mikono, imefanya sehemu ndogo ya kazi.

Sasa nije kwenye jaribio letu, maana hilo ndilo nililotaka kuwaeleza.

Hatukuwa na pesa za utafiti. Lakini kuna mtaalamu mmoja wa Denmark, Jakob Nielsen, ambaye mwaka 2000 aliandika jambo lililotupa moyo. Alisema ukitaka kujua tovuti inamsumbua mtumiaji wapi, huhitaji watu mia. Watu watano wakae nayo mmoja mmoja, wapewe kazi za kufanya, wewe utazame tu, na utaona karibu asilimia 85 ya matatizo. Watano! Watano nawapata hapa kibarazani kabla chai haijapoa.

Tukatafuta watano. Mama anayeuza samaki, kijana wa bodaboda, msichana wa chuo, mzee mfugaji, na kijana mmoja asiyeona anayetumia simu inayomsomea kwa sauti. Tukawapa kazi tano: tafuta fomu ya basari na siku ya mwisho ya kuirudisha, tafuta pesa zilizotengewa maji katika wadi yako, tafuta bei ya leseni ya biashara ndogo, tafuta mkutano ujao wa kutoa maoni uko wapi na lini, tafuta nambari ya simu, upige, na ipokewe. Tulitumia tovuti ya serikali ambayo pia siitaji. Ukienda ukafungua tatu nne za serikali mbalimbali utayakuta mengi ya haya haya.

Kanuni ya jaribio ni moja na ni ngumu kuliko nilivyodhani: usimsaidie. Umekaa pembeni, unaona kitufe kiko pale pale juu ya kidole chake, na huruhusiwi kusema. Wallahi nilikaa nimejishika mikono.

Mama wa samaki ndiye alianza. Simu ya kuazima, maana yake ni kabambe. Ukurasa ukafunguka polepole, kwanza picha kubwa ya kiongozi anakata utepe. Ikapita, ikaja ya kiongozi anapanda mti. Ikapita, ikaja kiongozi amesimama mbele ya trekta. Mama akauliza, "Hii ndiyo kaunti ama ni kampeni?" Tukacheka. Lakini picha zile zilikuwa zinakula bando, na bando lile lilikuwa la shilingi 20. Akaona sehemu ya kutafuta, na kwa akili yake mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akaandika "basari". Tovuti ikajibu hakuna kitu. Fomu ilikuwamo, tulikuja kuiona baadaye. Lakini tovuti ile inajua neno hilo kwa Kiingereza peke yake.

Akaniwekea simu mkononi akasema, "Mimi sikusoma, mwanangu."

Hapo niliumia. Tovuti ndiyo imeshindwa, yeye ndiye anajilaumu. Na mama huyu si mjinga. Huyu anapiga hesabu ya kreti za samaki, barafu na nauli ya Malindi kichwani, hakosei hata shilingi kumi.

Fikirieni M-Pesa. Ilianza Machi 2007, na leo nyanya zetu wanaitumia. Nyanya yangu hajui kusoma sawasawa, lakini anajua kutuma pesa, anajua ujumbe wa kuthibitisha ukifika, na anajua ukichelewa kuna tatizo. Hakupewa semina. Ile kitu imetengenezwa ikamfuata yeye na kabambe yake. Hatua chache, maneno machache, kila siku mahali pale pale, na kila ukimaliza unajibiwa. Hata IEBC, wakati wa uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022, ulituma ujumbe kwa 70000 ukaambiwa umejiandikisha wapi. Kwa hiyo wasituambie watu wa mashambani hawawezi teknolojia. Wanaiweza iliyotengenezwa kwa kuwafikiria.

Mzee mfugaji yeye alipewa kazi ya simu. Mzee huyu anasoma khati ya Kiarabu vizuri kabisa, herufi za Kizungu anazisoma kwa shida. Nambari akaiona chini ya ukurasa, akapiga. Haipatikani. Akapiga ya pili, ikaita mpaka ikakatika. Barua pepe akasema hiyo si yake. Akauliza swali moja tu: "Ofisi yenyewe iko jengo gani, niende kwa miguu yangu?" Tukatafuta sote. Tovuti nzima, yenye picha za kila kiongozi, haikuandika ofisi iko jengo gani wala inafunguliwa saa ngapi.

Kijana wa bodaboda alipata bei ya leseni haraka, dakika chache, akafurahi. Kisha msichana wa chuo akamuuliza, hiyo ni ya mwaka gani? Kumbe ni sheria ya fedha ya miaka iliyopita. Sheria ya fedha ya kaunti hutungwa kwa kila mwaka wa fedha, na bei hubadilika. Mpya haikuwepo, na ya zamani haikuandikwa popote kwamba imepitwa. Kijana akasema, "Basi nitauliza askari wa kaunti." Watu wakaangua kicheko, na nyinyi naona mmecheka pia. Twacheka kwa sababu twajua. Pale ambapo bei haikuandikwa wazi, bei ni ile atakayosema aliyesimama mbele yako.

Msichana wa chuo alikuwa na kazi ya bajeti. Huyu ndiye msomi wetu, ana simu nzuri, ana Kiingereza chake. Ilimchukua karibu dakika arobaini. Bajeti ilikuwa imefichwa, sijui niseme imefichwa au imepotea, chini ya menyu ya habari na picha, na jina la faili ni tarakimu tupu, kama nambari ya gari. Kurasa zaidi ya mia mbili, zote zimeskaniwa. Huwezi kutafuta neno "maji" ndani yake, lazima upekue ukurasa kwa ukurasa. Akapekua. Akafika. Na alipofika, mstari wenyewe ulisema: ukarabati wa vyanzo vya maji, maeneo mbalimbali.

Maeneo mbalimbali! Ndugu zangu, wapi ni maeneo mbalimbali? Kuna chifu wa maeneo mbalimbali? Hapo ndipo nikaelewa kwamba hata tovuti ingekuwa nyepesi kama M-Pesa, kama kilichowekwa ndani hakitaji kijiji, bado hatujui kitu. Kwa hiyo tunapopima, tupime mambo mawili. Naweza kuifikia? Na nikiifikia, inanijibu?

Wa mwisho ni kijana asiyeona. Simu yake husoma kila kilichoko kwenye skrini. Ikaanza: picha, picha, picha, bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa. Bonyeza hapa kuna nini? Haisemi. Akavumilia, akafika mpaka kwenye lile tangazo la mkutano wa maoni. Akalifungua. Simu ikanyamaza. Akasema, "Hii karatasi haina kitu." Mimi niko pembeni naitazama skrini, imejaa maandishi juu mpaka chini, na muhuri, na sahihi. Lakini ni picha ya karatasi. Simu haiwezi kusoma picha ile, kwake ni ukurasa mweupe. Na lilikuwa tangazo la kuwaita wananchi, wakiwemo watu wenye ulemavu, watoe maoni. Limeandikwa hivyo humo ndani, nililisoma mwenyewe.

Tulimwendea afisa mmoja wa mambo ya kompyuta, hasemi kwa niaba ya mtu, mtu muungwana. Nikamuuliza, mbona mnaskani kila kitu? Akanieleza: sisi huletewa karatasi ikiwa tayari imetiwa sahihi na muhuri. Bila muhuri bosi anasema si rasmi. Kwa hiyo tunaskani. Akaongeza kwamba wako wachache, tovuti ilijengwa na mkandarasi, na idara nyingine hazileti kitu mpaka wasukumwe. Namuamini. Lakini suluhisho la hilo la skani halina gharama yoyote. Weka ile yenye muhuri, na kando yake weka ile iliyotoka kwenye kompyuta kabla haijachapishwa. Faili mbili. Hiyo ya pili ndiyo inatafutika, ndiyo simu ya yule kijana itaisoma, na mara nyingi ndiyo nyepesi kupakua.

Kuna jambo lingine dogo nililiona nikastuka, nilipitishe hapa. Orodha za waliopata basari. Ni vizuri zichapishwe, twataka kuona nani amepewa. Lakini nyingine zina jina kamili, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu ya mzazi, yote wazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Jina, shule na wadi vinatosha. Nambari ya kitambulisho ya mama yangu haihusu dunia.

Na mafuriko. Hapa sitacheka. Mto wetu unatoka mbali, na juu yake kuna mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga likijaa na kuanza kumwaga, tahadhari hutolewa kwa watu wa chini, na wa chini ni sisi. 2018 twaikumbuka. Mwisho wa 2023 na Aprili na Mei 2024 twaikumbuka zaidi, wengine hapa mmelala kwenye kambi. Maji yale hayafiki Garsen kwa saa moja, yanachukua siku. Siku hizo ndizo mali, ndizo mbuzi, ndizo magunia ya mpunga. Tahadhari ikiwekwa kwenye tovuti kama picha ya barua ya Kiingereza yenye nembo tatu juu, maji yatafika Chara kabla ya barua kusomwa. Tahadhari ile ile ikiandikwa mistari mitatu ya Kiswahili, maandishi ya kawaida, mtu ataituma kwa WhatsApp ya kijiji, imamu ataisoma kwenye kipaza sauti, mchungaji ataisoma kanisani Ngao, na redio itaisoma bila kutafsiri. Tovuti ikiandikwa vizuri, hata asiye na intaneti inamfikia, kwa sababu walio nayo wanaweza kuibeba.

Msidhani hayo ni ndoto. Huko India, jimbo la Rajasthan, ambako kuna maskini wengi na jangwa kama Tana yetu kwa upande wa Bura, mwaka 2019 serikali ya jimbo ilifungua tovuti inaitwa Jan Soochna. Wewe unachagua kijiji chako, na unaona mambo ya kijiji chako: duka la mgao wa chakula limepokea kiasi gani, nani ameandikishwa, mradi gani umelipwa. Haikuletwa na huruma ya mtu. Ililetwa na vuguvugu la wakulima na vibarua, MKSS, ambao tangu miaka ya 1990 walikuwa wanakaa chini ya hema wanasomewa hesabu za miradi kwa sauti, na mtu anasimama anasema: mimi hapo nimeandikwa nimelipwa, sijalipwa. Wanaharakati wa huko walikuja mpaka Pwani hii wakafanya kazi na MUHURI kwenye ukaguzi wa kijamii wa pesa za CDF kule Changamwe. Kwa hiyo njia hii si ngeni kwetu.

Lakini pia tujifunze kwa yetu. Julai 2011 Kenya ilizindua tovuti ya data huria ya taifa, dunia nzima ikatupigia makofi, tulikuwa wa kwanza kwanza Afrika. Baada ya miaka michache data ikawa inakaa bila kubadilishwa, na watu wakaacha kwenda. Uzinduzi ni siku moja. Kuweka mambo mapya kila wiki ndiyo kazi, na hiyo haina utepe wa kukata.

Sasa tufanye nini. Nina mambo ambayo hayahitaji mfadhili.

Kwanza tarehe. Toeni simu muandike. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha, kabla ya 28 Februari. Hizo mbili zikishapelekwa, ndani ya siku saba zinapaswa kuwa zimechapishwa kwa umma. Makadirio ya bajeti hupelekwa kabla ya 30 Aprili. Mkizijua tarehe hizi hamngoji tangazo. Siku ya nane mnafungua tovuti, na kama haipo, mnaandika.

Kuandika nako ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ile ya 2016 inasema maombi ya habari yaandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili, ndiyo, na mtu asikurudishie barua kwa sababu hiyo. Asiyeweza kuandika kwa sababu hakusoma au ana ulemavu, afisa anatakiwa amsaidie kuyaweka kwenye maandishi. Kuomba ni bure, wasikutoze ada ya maombi. Hulazimiki kueleza unaitakia nini, na hata ukieleza, sababu yako haipunguzi haki yako. Wana siku 21 za kujibu, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Tahadhari ya mafuriko, mimi nasema inahusu uhai. Wakikataa au wakinyamaza, kuna Tume ya Haki za Kiutawala, ile inaitwa Ombudsman, unapeleka malalamiko huko, na usichelewe kupita siku 30.

Tumeandika barua moja, iko pale mezani kwa dada aliyeshika daftari. Ni ukurasa mmoja. Inaomba mambo haya: ukurasa wa kwanza wa tovuti uwe na Kiswahili, kila tangazo liwe maandishi ya kawaida pamoja na ile nakala yenye muhuri, kila hati iandikwe tarehe na uzito wa faili kabla mtu hajabonyeza, kila wadi iwe na ukurasa wake, miradi yake imetajwa kwa jina la kijiji, na kila wanapoweka tangazo la basari, kazi au mkutano, karatasi ile ile ibandikwe kwa chifu, msikitini, kanisani na zahanati siku hiyo hiyo. Tumeongeza kwamba muda wa kurudisha fomu usiwe chini ya siku 14. Hilo la mwisho halimo kwenye sheria niliyosoma. Tumeliweka kwa ajili ya yule msichana.

Na hatutapeleka barua tu. Tutapeleka na watu. Yule mama wa samaki amekubali kukaa mbele ya maafisa, apewe simu, aandike "basari" wao wakitazama. Tumewaambia kanuni ni ile ile, hakuna kumsaidia.

Jumamosi tutakuwa Idsowe, na Jumamosi itakayofuata Kipini, tukirudia jaribio na watu watano wengine kila mahali. Ambaye anaweza kuazima simu janja kwa saa mbili, au kuchangia bando, abaki nyuma kidogo aandike jina lake. Wazee ambao mngependa kutia kidole badala ya sahihi, wino uko.